Mtihani wa Visanduku Sita

Katika miaka ishirini na minne ya kufundisha sayansi, Librada Ovelar hakuwahi kupata mwanafunzi mwenye mikono kama ya Nimia Cañete. Wenye vichwa vyepesi aliwapata. Wenye ndimi nyepesi ndio usiseme. Nimia hakuwa mmoja wao. Alisema kidogo, mwandiko wake ulikuwa mbaya, na ukimsimamisha mbele ya darasa aeleze jambo analolijua vizuri kabisa, alitazama sakafu kama mtu aliyedondosha sindano. Lakini umpe waya na betri, au chupa ya maji ya mtoni na dawa za kuyapimia, halafu umwache. Hapo ndipo ungemjua.

Alikuwa binti wa Don Eleuterio, fundi wa pampu, na alikulia karakanani kwa baba yake katika mji ule mdogo wa kusini kabisa mwa Paragwai, ambako maji hupanda hadi vizingitini na kila nyumba ina pampu inayoumwa. Kabla hajajua kusoma alikwishajua, kwa kuweka kiganja tu, mota ipi iko karibu kuungua. Basi na darasani alikuwa hivyo hivyo. Alishika kwanza, akageuza, akasubiri, ndipo akaandika.

"Andika basi, mwanangu," Librada alikuwa akimwambia. "Saa inakwenda."

"Bado, Mwalimu. Hakijaniambia."

Wenzake waliangua kicheko. "Nimia anaongea na betri," alisema mmoja. "Hebu iulize kama imekunywa chai." Nimia alitabasamu, akaendelea kushika.

Mwaka aliotimiza miaka kumi na minane alikuwa na jambo moja tu moyoni: chuo cha mafundi wa maabara kule Asunción, kinachochukua vijana thelathini kwa mwaka kutoka nchi nzima, kinawalisha na kuwalaza bure, na hakimpokei aliyezidi umri huo. Nusu ya alama zilitokana na karatasi, nusu nyingine na mtihani wa vitendo. Na mtihani wa vitendo, tangu miaka miwili nyuma, ulikuwa unafanywa kwenye kompyuta.

Hapo Librada alikuwa na jambo lake ambalo Nimia hakulijua.

Zamani mtihani ule ulifanyika Asunción peke yake. Kila mtahiniwa alikaa mezani na vifaa vyake, na mbele yake alikaa msimamizi mwenye daftari, anaandika kila anachokifanya. Mvua zikikolea, barabara ya kusini inakatika, na wanafunzi wa Librada wanabaki nyumbani. Ilitokea hivyo miaka miwili mfululizo. Mmoja wao alivushwa maji kwa trekta, akafika na matope hadi kiunoni, akakuta viti vimekwisha kupangwa juu ya meza. Kwa hiyo ofisi ya mitihani ilipowaita walimu kumi na wawili waijaribu njia ya kompyuta, ambayo ingemfikia mtoto hata ng'ambo ya mafuriko, Librada alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Walichukua watoto arobaini, wakawapima mara mbili: kwa vifaa vya kushika, kisha kwenye skrini. Wastani ukalingana karibu sawasawa, watu wakapeana mikono. Lakini Librada alikuwa na tabia ya kusoma majina. Akaona kwamba watoto kumi na mmoja kati ya arobaini hawakulingana hata kidogo. Walioshika vizuri waliporomoka kwenye skrini, na wengine waliovunja kila kitu mezani walipanda. Alimwuliza mtaalamu wa hesabu, kijana mpole aliyeitwa Fretes.

"Wanafidiana, Mwalimu," Fretes alimwambia. "Wanaopanda wanawafidia wanaoshuka. Ukiwatazama wote kwa pamoja, hakuna tofauti."

"Na ukimtazama mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja hatuwezi kumtazama. Wako maelfu."

Librada aliifikiria ile barabara. Akatia sahihi ya kuikubali njia ya kompyuta.

*

Siku ya mtihani, kompyuta ishirini zilipangwa kwenye ukumbi wa shule, na mstari wa manjano ukachorwa sakafuni ambao msimamizi haruhusiwi kuuvuka. Msimamizi alikuwa Librada. Asubuhi alikula kiapo mbele ya mkuu wa shule: hatajibu swali lolote isipokuwa kwa kusema "soma maelekezo", hataonyesha kwa kidole, hataashiria kwa uso. Kamera ilikuwa juu ya mlango. Likitokea neno moja la ziada, mtihani wa chumba kizima unafutwa.

Zoezi la kwanza lilikuwa la kupima maji, Nimia akalipita salama. La pili lilikuwa la visanduku sita.

Librada alilijua zoezi hilo kuliko mtu yeyote pale. Kuna visanduku sita vilivyofungwa, kila kimoja kina ncha mbili za kuunganishia waya. Ndani ya hiki kuna betri mbili, ndani ya kile kuna betri na balbu, kingine kina balbu tu, kingine waya mtupu, kingine hakina kitu, na cha sita kinarudia kimojawapo cha hivyo. Huruhusiwi kufungua. Unaunganisha balbu yako kwa nje, unatazama inavyowaka, unasema kilichomo. Darasani kwake alikuwa ametengeneza visanduku kama hivyo kwa makopo ya maziwa ya unga. Watoto wote walikazia macho balbu, wakabishana kama mwanga ni mkali au hafifu. Nimia hakubishana na mtu. Alichukua makopo mawili, akayaunganisha moja kwa jingine, balbu ikiwa kati yao, huku ameyageuza pande, nguvu ya hili ipingane na ya lile. Balbu ilipozima kabisa, alijua nguvu zimelingana, wala hakuhitaji kukisia kwa macho. Hakuna aliyemfundisha. Jioni ile Librada alimsimulia dada yake habari hiyo mpaka chakula kikapoa.

Sasa alimwona Nimia akisogeza kipanya polepole. Kisanduku kisicho na kitu alikipata. Chenye waya alikipata. Kila baada ya muda mkono wake wa kushoto ulifunguka na kufumba juu ya meza, kama unaotafuta kitu cha kushika ukaambulia ubao. Waya wa kwenye skrini hauna joto. Balbu ya kwenye skrini ina hali tatu tu za kuwaka.

Kisha Librada aliona alichokuwa anakiogopa bila kujua kwamba anakiogopa. Nimia aliuvuta waya kutoka kisanduku B akaupeleka kisanduku D.

Ukanda mwekundu ukatokea: KITENDO HAKIRUHUSIWI. Pembeni, alama zinazotolewa kwa kufuata utaratibu zikapungua mbili.

Nimia alisubiri. Akaujaribu tena, safari hii ameugeuza. Ukanda mwekundu. Mbili zaidi. Akainua mkono.

"Mwalimu, inakataa."

"Soma maelekezo," Librada alisema.

"Nimeyasoma. Hayajasema kwamba kisanduku hakiungwi na kisanduku."

"Soma maelekezo."

Nimia aligeuka akamtazama usoni. Macho yake yalikuwa yanauliza jambo dogo sana. "Ni mimi nimekosea, Mwalimu? Njia yangu ndiyo mbaya?"

Ilikuwa nusu ya neno tu. Hapana. Hata kutikisa kichwa kungetosha.  Walikuwepo watoto wengine kumi na tisa, wameinamia skrini zao, wengine wamesafiri usiku kucha kutoka vijijini. Kamera ilikuwa juu ya mlango. Alisimama nyuma ya mstari wa manjano, mikono imekunjwa mgongoni kama alivyoagizwa, na uso wake akaufanya kuwa wa mbao.

Nimia aliuona ule uso. Na kwa kuwa tangu utotoni alimwamini mwalimu huyu kuliko kitabu, aliusoma kwa namna aliyoweza kuusoma. Akarudi kwenye skrini. Akalifuta jibu la B, ambalo lilikuwa sahihi. Akalifuta la D. Akakaa, akapangusa kiganja kwenye sketi, kisha akalibadilisha hata lile la kisanduku kitupu, ambalo mtoto wa darasa la tano asingelikosa. Librada alihesabu majibu yakiondoka moja baada ya jingine. Dakika zilipokwisha, skrini ikajizima yenyewe.

Nje wenzake walikuwa wamekaa chini ya ukuta wakipokezana tereré, ile chai ya majani ya barafu.

"Kile kisanduku C," mmoja alisema, "naapa ndani yake kulikuwa na mama mkwe wangu. Kila nikikigusa kinanifokea."

"Una mke wewe, mpaka uwe na mama mkwe?"

"Ndiyo maana nilishangaa."

Walicheka. Nimia alisimama mbali kidogo, akamngoja Librada atoke na funguo.

"Njia yako ilikuwa sahihi," Librada alimwambia, kwa kuwa sasa ruhusa ipo, ijapokuwa haina maana tena. "Sahihi kabisa. Aliyeitengeneza kompyuta hakuifikiria."

 "Ungeniambia," Nimia alisema.

"Nisingeweza, mwanangu."

"Najua. Nasema tu."

*

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. Kwenye karatasi Nimia alikuwa wa tisa nchi nzima. Kwenye vitendo alikuwa wa mia mbili na kitu. Kwa jumla alikosa nafasi kwa alama nne.

Librada alijaza fomu ya rufaa siku ile ile. Fomu ilitoa sababu nne za kuchagua: umeme kukatika, kompyuta kuharibika, mtahiniwa kuugua, jina kukosewa. Hapakuwa na nafasi ya kuandika. Alichagua kompyuta kuharibika, kwa kuwa ndiyo iliyokaribia. Jibu lilikuja kesho yake: kompyuta imekaguliwa, ilifanya kazi ipasavyo. Alipiga simu, akazungushwa kutoka dawati hadi dawati, mpaka sauti ya mwisho ikamwambia apige Jumatatu. Jumatatu alipanda basi la alfajiri kwenda Asunción.

Fretes alikuwa amenenepa kidogo na amepata chumba chenye mlango wake. Alimpokea vizuri, akamwagizia chipa, mkate wa jibini wa moto, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Librada alikuwa amejiandaa kukutana na mtu wa kugombana naye. Ule upole ulimvunja nguvu.

"Kila mwendo wa kipanya tunauhifadhi," Fretes alisema. "Tutazame."

Wakatazama. Kwenye skrini mshale mdogo mweupe ulitembea, ukasimama, ukatembea. Librada aliujua ule mwendo kama unavyoijua sauti ya mtu nje ya dirisha. Mshale ulikwenda B, ukavuta waya hadi D. Ukanda mwekundu. Ukageuza. Ukanda mwekundu. Kisha mshale ukasimama dakika moja na sekunde arobaini bila kusogea. Ndio ule wakati alipoinua mkono.

"Ngoja," Fretes alisema. Akairudisha nyuma, akaitazama tena. Akavua miwani. "Alikuwa anazipinganisha betri."

"Ndiyo."

"Hii ni bora kuliko njia yetu."

"Ndiyo, bwana. Basi mpe alama zake."

Fretes alizungusha miwani mkononi. "Mwalimu, mimi mwenyewe nimeona. Naandika leo hii, programu irekebishwe. Mwakani mtoto atakayefanya hivi atapata alama zote. Lakini mwaka huu watoto elfu nne wamepimwa kwa programu moja. Nikimfungulia mmoja, sina budi kuwafungulia wote, na sijui ni wangapi walikataliwa kama yeye. Labda wapo wengine. Labda wapo mia."

"Basi tazama wote."

"Na nani? Tuko watatu."

"Mwakani atakuwa amezidi umri."

"Najua. Nimeona tarehe yake ya kuzaliwa."

"Kwa mkono wako huwezi kuziandika hizo alama?"

"Hakuna mahali pa kuandikia, Mwalimu. Zinatoka kwenye mashine zinaingia chuoni moja kwa moja. Tulitaka iwe hivyo ili mtu asinunue alama. Unakumbuka? Wewe ndiye uliyesema mezani kwamba mkono wa mtu usipite."

Librada alikumbuka. Alikuwa amelisema kwa sauti ya kujiamini, na watu walitikisa vichwa.

"Na sahihi yako ipo," Fretes aliongeza polepole. "Sikusemi kwa ubaya. Yangu iko chini yake."

Alimfungia chipa iliyobaki kwenye karatasi ale njiani. Librada aliipokea. Ndani ya basi alikaa nayo mapajani saa zote nane, na hakukumbuka kuila.

*

Angeweza kuwaambia Nimia na baba yake kwamba rufaa imekataliwa, basi, wakalia pamoja. Alilifikiria hilo njia nzima. Lakini alipofika alikwenda moja kwa moja karakanani, na mkoba wake begani.

Don Eleuterio alikuwa amefungua pampu juu ya benchi, na Nimia anamshikia taa. Librada alikataa kiti. Aliwaeleza mambo ya Asunción, kisha akaeleza yale ya nyuma: watoto arobaini, wale kumi na mmoja, kidole chake kwenye orodha ya majina, na sahihi.

Don Eleuterio alipangusa mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Kwa hiyo mashine hii uliileta wewe."

"Nilikuwa mmoja wa walioileta."

"Na ulijua kuna watoto itawakataa."

"Nilijua wapo. Sikujua ni nani."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Barabara ile naijua. Ningekuwa mimi, pengine ningetia sahihi pia." Akaichukua bisibisi, akaiweka tena. "Lakini sitakudanganya, Doña Librada. Leo nisingependa tukae pamoja."

"Nimeelewa, Don Eleuterio."

Nimia alikuwa bado ameinua taa, ijapokuwa hakuna aliyekuwa anafanya kazi. "Hao kumi na mmoja," aliuliza, "walikwenda wapi?"

"Wapi vipi?"

"Baada ya hapo. Wanafanya nini sasa?"

  Majina yao Librada aliyasoma mara moja, kwenye karatasi iliyokusanywa mwisho wa kikao, na hata moja hakulikumbuka.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Nimia aliitazama taa mkononi mwake, akaizima.

Mwezi wa pili shangazi yake Blásida alipiga simu kutoka Buenos Aires. Alikuwa amemtafutia kazi ya kumwangalia bibi mmoja mgonjwa, chumba kipo, chakula kipo. Wasichana wengi wa mji ule walikwenda hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Mama yake Nimia alianza kufua nguo za safari.

Librada alijaribu yaliyobaki. Aliandika kwenye chuo chenyewe, akajibiwa kwamba wao hupokea orodha tu. Aliandika kwa mbunge. Alimwendea mkuu wa maabara ya hospitali ya mkoa, mwanafunzi wake wa zamani, akamwomba ampokee msichana hata kwa kuosha vyombo. "Mwalimu, wewe nakupa hata figo," yule mtu alisema, "lakini bila cheti hata mlangoni siruhusiwi kumpitisha." Kila aliyemwendea alimsikiliza kwa heshima. Hakuna aliyemfukuza. Alitoka kila mahali mikono mitupu, huku ameshukuriwa kwa kuja.

Siku ya safari alifika kituoni mapema. Don Eleuterio alikuwepo, akamsalimia kwa kichwa. Shangazi alikuwa amemtumia Nimia koti la baridi lililomzidi mabega.

"Kule wanaongea haraka," Librada alisema, kwa kuwa ilibidi aseme kitu. "Usione haya kuwaambia warudie."

"Sawa, Mwalimu."

"Kuna shule za jioni. Uulize. Usichoke kuuliza."

"Bibi mwenyewe halali jioni, shangazi kasema. Lakini nitauliza." Nimia alisita, kisha akanyoosha mkono, akamrekebishia Librada kola ya shati iliyokuwa imejikunja, akaibana kwa vidole viwili mpaka ikalala. "Usikae unawaza, Mwalimu. Utaumwa."

Dereva aliita. Nimia alipanda, akapata kiti upande wa pili, ambako hawakuweza kumwona. Basi lilirudi nyuma, likageuka, likaondoka. Don Eleuterio alibaki amesimama na kofia mkononi.

"Amekula asubuhi?" Librada aliuliza.

"Kidogo."

Walisimama hapo bega kwa bega mpaka mfagiaji akawaomba wasogee apate kupitisha ufagio. Kisha kila mmoja akashika njia yake, kwa sababu Don Eleuterio alikuwa na pampu ya mtu ya kutengeneza, na Librada alikuwa na kipindi saa nane.